Mkimbizi wa Masisi Hakupandisha Kodi ya Nyumba Goma

Maelezo yanayosikika zaidi kuhusu ughali wa kodi ya nyumba mjini Goma, na katika miji midogo iliyo kwenye njia za kuelekea huko kama Sake, Kitshanga, Masisi-Centre na Walikale-Centre, ni mepesi kiasi kwamba wanaoyatoa hawaoni haja ya kuyatetea: vita vimewasukuma watu wa Masisi na Walikale waingie mjini, watu wamezidi nyumba, na nyumba zimekuwa ghali. Husemwa na komisioneri, yaani dalali anayemtafutia mpangaji nyumba kwa malipo. Husemwa na mwenye nyumba anapotaka kuongeza kodi. Husemwa na watumishi wa serikali wanapoulizwa kwa nini mshahara wa mwalimu hautoshi vyumba viwili. Na husemwa hata na wapangaji wenyewe, ambao wengi wao ni watoto wa watu waliofika mjini kwa njia hiyohiyo ya kukimbia. Hoja ya makala haya ni kwamba maelezo hayo si sahihi, na kwamba usahili wake ndio unaoyafanya yawe na madhara. Kinachomfungia mlango mtu wa kipato cha chini si wingi wa vichwa, bali ni masharti ya kuingia: fedha nyingi zinazodaiwa kwa mkupuo kabla ya ufunguo kutolewa, kodi inayohesabiwa kwa dola katika mji ambao wengi hupata riziki yao kwa faranga, ardhi isiyo na hati ya uhakika, na mtaji wa ujenzi unaomfuata mpangaji mwenye fedha za kigeni na kumwacha mwenyeji.

Kosa la kwanza la maelezo hayo ni kulichukulia soko la nyumba la Goma kama soko moja, ambamo kila anayeingia anagombania vyumba vilevile na kila mwingine, ilhali soko hilo lina matabaka matatu ambayo ni nadra kubadilishana wateja. Tabaka la juu ni nyumba za matofali, maghorofa na fleti zenye ukuta, tangi la maji, jenereta na mlinzi, ambazo nyingi ziko Himbi, Katindo na Les Volcans, karibu na Ziwa Kivu, na hupangishwa kwa dola kwa mashirika, maofisa na wafanyabiashara wakubwa. Tabaka la kati ni nyumba zinazoitwa za nusu-kudumu, yaani zenye msingi wa mawe na saruji lakini kuta za mbao, ambamo huishi walimu, wauguzi na wachuuzi wenye mtaji kidogo. Tabaka la chini ni chumba kimoja au viwili vya mbao ndani ya parseli, neno litumiwalo Kongo kwa kiwanja cha makazi, ambapo mara nyingi mwenye nyumba anaishi mbele na wapangaji nyuma, na wote wanatumia choo kimoja. Vyumba vya namna hiyo vimejaa Majengo, Katoyi, Ndosho na Mugunga.

Chumba cha tabaka la chini kinafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndicho kinachotafutwa na watu wengi zaidi. Mbao za mikaratusi hupigiliwa misumari kwenye fremu, bati likawekwa juu, na kwa ndani kuta hubandikwa maboksi au vipande vya turubai ili kuziba upepo unaopita kati ya ubao na ubao. Sakafu ni mawe ya lava yaliyosawazishwa na kumwagiwa changarawe au saruji nyembamba. Na choo hujengwa juu ya ardhi, mtu akikipanda kwa ngazi, kwa sababu mwamba wa lava haukubali kuchimbwa kwa sururu. Mbao hizo hutoka kwenye misitu ya kupandwa ya Masisi na kwenye misitu ya Walikale, zikishushwa kwa malori kupitia Sake, na vyombo vya anayehamia chumbani humo mara nyingi husukumwa kwa chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayobeba karibu kila mzigo wa mji huo. Yaani hata nyumba ambayo mtu wa Masisi anadaiwa kuifanya ghali imejengwa kwa miti ya kwao, na barabara ya Sake inapofungwa kwa mapigano bei ya ubao hupanda bila ya mpangaji mpya hata mmoja kuongezeka.

Baada ya kutenganisha matabaka hayo, swali linalofuata ni nani hasa anayeingia sokoni. Wachumi hutofautisha uhitaji na uhitaji wenye fedha: mtu anaweza kuhitaji nyumba sana, lakini asipokuwa na fedha za kuilipia, haja yake haigusi bei, kwa kuwa hakuna mwenye nyumba anayepandisha kodi kwa ajili ya mtu asiyeweza kuilipa hata ile ya zamani. Mkimbizi wa ndani, yaani mtu aliyelazimika kuhama kwao bila kuvuka mpaka wa nchi, huwa ameacha shamba, mifugo na akiba yake nyuma, na kwa kawaida hukimbilia mahali pawili, na popote kati ya hapo si kwa komisioneri. Pa kwanza ni kwa ndugu, jamaa au mtu wa kabila, kanisa au kijiji chake, na kwa miaka mingi kabla ya vita kupamba moto upya mwaka 2022, hivyo ndivyo wengi wa wakimbizi wa ndani wa Kivu Kaskazini walivyoishi. Pa pili ni kambini: kati ya 2022 na mwanzo wa 2025 mamia ya maelfu ya watu walilala chini ya turubai Bulengo, Lushagala, Rusayo na Kanyaruchinya, juu ya mawe yaleyale ya lava. Nyumba ya ndugu inapopokea watu kumi mahali pa watano, gharama inayopanda ni ya unga, maji na makaa, na inayopungua ni nafasi ya kulala ya mwenyeji. Kodi haibadiliki kwa sababu hiyo, maana hakuna chumba kipya kilichotafutwa.

Ni kweli kwamba wako wakimbizi wachache wenye uwezo, kama mfanyabiashara wa Sake aliyeweza kuvuka na mtaji wake au mtumishi wa serikali aliyehamishwa na ofisi yake, ambao huingia sokoni moja kwa moja, na ni kweli pia kwamba familia mbili au tatu huungana zikalipia chumba kimoja cha Ndosho. Atakayesema kwamba katika juma ambalo mji mzima wa Sake unahama, kama ilivyokuwa Februari 2024, chumba cha mbao hakipandi bei hata kidogo, atakuwa anapinga akili ya kawaida. Lakini msukosuko wa juma na ughali wa miongo miwili ni mambo mawili tofauti, na anayetaka kueleza la pili kwa kutumia la kwanza anapaswa kuonyesha kwa nini kodi ya fleti ya Himbi, ambayo mkimbizi wa kawaida hawezi hata kuiulizia, ilipaa kwanza na kwa kasi zaidi kuliko ya chumba cha mbao cha Katoyi.

Historia imeyaweka maelezo ya wingi wa watu kwenye jaribio lililo wazi. Baada ya kundi la waasi la M23 kuuteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, wakimbizi wa kambi zilizouzunguka waliamriwa mwezi Februari waondoke, wakipewa saa 72 katika baadhi ya maeneo, na katika siku chache kambi zilizokuwa na ukubwa wa mji zilibaki viwanja vya mawe. Ikiwa mkimbizi wa Masisi ndiye aliyekuwa akiishikilia kodi juu, kuondoka kwake kulipaswa kuacha nafasi; lakini turubai likivunjwa Bulengo hakuna chumba cha kupangisha kinachobaki wazi Majengo, kwa sababu aliyelala chini yake hakuwa amepanga chumba. Kilicholigusa soko la nyumba mwaka huo kilikuwa kitu kingine kabisa: benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, mashirika yakapunguza watu wao, na watumishi wengi wa serikali wakahama. Fedha iliondoka, na nyumba zilizojengwa kwa ajili ya fedha hiyo ndizo zilizobaki zikitafuta wateja. Jaribio hilo halikupangwa na mtu, na gharama yake kwa wanadamu ilikuwa kubwa mno kiasi kwamba kulitumia katika mjadala kunahitaji staha, lakini linaonyesha kilicho wazi: soko la nyumba la Goma hufuata fedha, na wingi wa watu wasio na fedha hupita kando yake.

Wanaotetea maelezo yanayotawala hujibu kwamba takwimu ziko upande wao, kwa kuwa mji uliokuwa mdogo wakati Kivu ilipogawanywa mwaka 1988 na Goma kuwa makao makuu ya Kivu Kaskazini sasa unakadiriwa kuwa na watu milioni mbili kwa baadhi ya makisio, au milioni moja na ushei kwa mengine. Tofauti hiyo kubwa kati ya makisio ni jibu tosha. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984, na tangu hapo kila idadi inayotajwa ni makadirio yanayojengwa juu ya makadirio. Hakuna anayejua watu ni wangapi, wala nyumba ni ngapi, wala ni sehemu gani ya wakazi ni wapangaji, na hoja ya kwamba watu wamezidi nyumba haiwezi kuthibitishwa na mtu ambaye hajahesabu kimojawapo. Hata hivyo, tuseme idadi ya watu imeongezeka sana, jambo ambalo hakuna anayelikataa. Miji mingi hukua bila kodi kuwashinda wakazi wake, iwapo ujenzi wa nyumba za watu wa kawaida unakwenda sambamba na ukuaji huo. Kwa hiyo swali la kuuliza ni kwa nini ujenzi wa namna hiyo umekwama.

Jambo jingine linalosahauliwa ni kwamba mkimbizi wa jana ndiye mwenye nyumba wa leo. Mapigano yalianza Ntoto, katika wilaya ya Walikale, mwezi Machi 1993, yakasambaa Masisi. Yakafuata mafuriko ya wakimbizi kutoka Rwanda mwaka 1994, vita vya 1996, vya 1998, vya 2007 hadi 2009, vya 2012 na vya sasa, na kila wimbi liliacha watu waliokata shauri kutorudi. Vitongoji vya magharibi kama Ndosho na Mugunga vilikua kwa sehemu kubwa kwa watu wa upande wa Sake na Masisi, ambao walipasua mawe, wakaanza na chumba kimoja cha mbao, wakaongeza cha pili ili wakipangishe. Kitshanga yenyewe iligeuka kutoka kituo kidogo cha mashambani ikawa mji kwa sababu ya watu waliokimbilia hapo. Wimbi la wahamaji huongeza walaji wa nyumba kwa muda, kisha huongeza wajenzi, na sehemu kubwa ya vyumba vya bei nafuu vilivyopo leo vimejengwa na watu wanaotuhumiwa kuvifanya adimu.

Kama si mkimbizi, fedha iliyopandisha kodi imetoka wapi? Sehemu yake kubwa imetoka, kwa kejeli kubwa, kwenye ardhi ya Masisi na Walikale wenyewe. Bei ya tantali ilipopaa duniani mwaka 2000, koltani, mawe yanayotoa tantali na ambayo huchimbwa kwa wingi Rubaya, wilayani Masisi, iliwapa wafanyabiashara wa Goma fedha ambazo hazikuwa na benki ya kuaminika ya kuwekwa. Miaka michache baadaye mgodi wa Bisie, ndani ya msitu wa Walikale, ulianza kutoa kasiteriti, yaani mawe ya bati. Wabebaji waliyatoa msituni kwa mgongo hadi Ndjingala, na ndege ndogo zikatua juu ya barabara ya lami huko Kilambo ili kuyapeleka Goma, ambako nyumba za ununuzi wa madini ziliyasafirisha nje. Kwa mfanyabiashara asiyeamini benki, wala sarafu ya nchi, wala amani ya kesho, ghorofa kando ya ziwa ni kibubu: fedha hugeuzwa saruji, na saruji hutoa dola kila mwezi. Mteja alikuwa tayari, kwa kuwa ujumbe wa Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada yalikuwa yakiongezeka mjini tangu mwanzo wa miaka ya 2000. Karen Büscher na Koen Vlassenroot, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, walieleza mwaka 2010 jinsi kuwapo kwa mashirika hayo kulivyoubadilisha uchumi na sura ya Goma, kukifungua nafasi kwa wachache na kupanua pengo kati ya mitaa. Mtu wa Walikale aliyeona mawe ya kwao yakiruka kwa ndege, kisha akakimbia vita vilivyogombania mawe hayo, anapofika Goma huambiwa kwamba yeye ndiye chanzo cha ughali wa nyumba zilizojengwa kwa mawe hayohayo.

Mtaji huo ulielekea juu kwa sababu kule chini palikuwa na hatari asizozikubali mwenye fedha, na hatari kubwa kuliko zote ni ardhi. Goma imebanwa pande tatu: kusini kuna ziwa, mashariki mpaka wa Rwanda, na kaskazini Nyiragongo, volkano iliyotema lava mwaka 1977, ikafunika karibu asilimia 13 ya mji na kuwaacha zaidi ya watu 100,000 bila makazi Januari 2002, kisha ikalipuka tena Mei 2021. Upande uliobaki ni magharibi, kuelekea Sake. Huko ardhi hugawanywa kwa mikono miwili. Kwa sheria ya ardhi ya 1973 ardhi yote ni mali ya serikali, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia inayothibitishwa kwa cheti cha usajili. Lakini cheti hicho hupitia ofisi nyingi na malipo mengi, hivyo wengi huishia na karatasi ya mauziano iliyotiwa sahihi na chifu wa kimila, ambaye kwa mtazamo wa kijiji bado ndiye mwenye ardhi. Kiwanja kimoja huweza kuuzwa mara mbili, mara moja na chifu na mara moja kwa hati ya ofisini. Mwenye karatasi ya namna hiyo hathubutu kujenga nyumba ya kudumu ya vyumba kumi vya bei nafuu. Anajenga mbao zinazoweza kung'olewa, na anataka kurudisha fedha yake haraka iwezekanavyo, kabla mwenye karatasi nyingine hajabisha hodi.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo, kwa sababu njia ya kurudisha fedha haraka ina jina ambalo kila mpangaji wa Goma analijua: garanti. Garanti ni fedha ambayo mpangaji humkabidhi mwenye nyumba kabla ya kuingia, kama dhamana ya uharibifu na ya kodi itakayocheleweshwa, na ambayo inapaswa kurudishwa anapohama. Kongo ina sheria ya jambo hilo. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu upangishaji wa nyumba kwa matumizi yasiyo ya kitaaluma, imeweka kikomo cha garanti ya nyumba ya kuishi kuwa kodi ya miezi mitatu. Mitaani, hata hivyo, kudaiwa miezi sita si jambo la kushangaza, na mpangaji anayetaja sheria huambiwa akatafute nyumba kwa huyo aliyeiandika.

Uzito wa sharti hilo unaonekana kwa hesabu ya mfano. Tuseme chumba ni dola 30 kwa mwezi. Garanti ya miezi sita ni dola 180. Mwezi wa kwanza hulipwa mapema, dola 30. Komisioneri akichukua kiasi cha mwezi mmoja, ni dola 30 nyingine. Mpangaji anapaswa kuwa na dola 240 mkononi siku ya kuingia, yaani kodi ya miezi minane, kabla hajalala usiku mmoja. Kwa garanti ya kisheria ya miezi mitatu, na bila ya kumlipa dalali aliyeajiriwa na mwenye nyumba, angehitaji dola 120, yaani nusu. Kodi ya mwezi ni ileile katika hali zote mbili, na chumba ni kilekile; kilichobadilika ni urefu wa kizingiti. Mama anayeuza ndizi Birere na kupata faida kidogo kila siku anaweza kuilipa dola moja ya kila siku ambayo chumba hicho kinamgharimu, lakini hataweza kuziona dola 240 kwa pamoja mpaka akope kwa riba, na riba hiyo ndiyo kodi ya kweli ambayo haiandikwi popote. Ndiyo maana katika mji huohuo, kwa wakati uleule, chumba hukaa bila mtu na familia hukaa bila chumba, jambo ambalo maelezo ya watu kuzidi nyumba hayawezi kulieleza.

Kwa undani wake, garanti ya Goma imeacha kuwa dhamana ikawa mkopo usio na riba ambao maskini humkopesha mwenye mali. Mikopo ya benki ya kujengea nyumba ni nadra sana Kongo, kwa hiyo mwenye parseli huijenga nyumba ya pili kwa garanti ya nyumba ya kwanza, na hutumia garanti ya mpangaji mpya kumrudishia wa zamani, pale anapomrudishia. Mwenye nyumba anayeendesha mambo yake kwa namna hiyo ana sababu ya kutopenda mpangaji akae muda mrefu: kila mpangaji anayeondoka ni nafasi ya kudai garanti kubwa zaidi kwa kodi mpya, na kila mpangaji anayebaki ni deni linalosubiri. Kubadilishwa kwa wapangaji mara kwa mara kunamlisha pia komisioneri, ambaye hulipwa kwa kila anayeingia. Mahali ambapo watu wawili wananufaika kwa kuhama kwa wa tatu, si ajabu kodi kupanda kila mwaka hata pale ambapo mji haukupokea mgeni mpya.

Pingamizi la haki linaweza kutolewa hapa. Si kila mwenye nyumba ni tajiri wa madini. Wengi ni wajane na wastaafu wanaoishi kwa kodi ya vyumba viwili vya nyuma, na kikomo cha miezi mitatu, kikisimamiwa kwa ukali, kinaweza kuwaumiza wao kabla ya kumgusa mwenye ghorofa la Himbi. Pingamizi hilo ni zito, na linadai kwamba sheria isimamiwe kwa akili, lakini halibadilishi hesabu. Mjane anayeishi parseli moja na mpangaji wake ana dhamana ambayo mwenye nyumba wa mbali hana: anamwona kila asubuhi, anawajua ndugu zake, na anaweza kupokea kodi kidogo kidogo kwa wiki. Garanti kubwa ni ya lazima zaidi kwa yule asiyemjua mpangaji wake. Akihakikishiwa kwamba mpangaji mbovu ataweza kusikilizwa na kuondolewa kwa utaratibu unaoeleweka, mjane huyo hatahitaji miezi sita. Anaidai leo kwa sababu anajua kwamba yeye pia, kama mpangaji wake, hana pa kushtakia.

Maelezo ya kumlaumu mkimbizi yana madhara mawili ya kiutendaji. La kwanza ni kwamba hutoa tiba isiyotibu: warudi kwao, kodi itashuka. Watu wameamriwa kurudi, na aliyekuwa hana dola 240 bado hana. La pili ni kwamba huifuta kumbukumbu ya mji. Tarehe 27 Mei 2021, mamlaka ya Kivu Kaskazini yalipoamuru mitaa 10 ya Goma ihamwe kwa hofu ya mlipuko mwingine wa Nyiragongo, makumi ya maelfu ya wakazi walitembea kuelekea Sake, wakalala makanisani, shuleni na katika nyumba za watu wa Masisi ambao hawakuwadai garanti. Chini ya miaka mitatu baadaye watu wa Sake walipita barabara hiyohiyo kwa mwelekeo wa pili. Mji na wilaya vimeishi kwa kupokeana, na anayeligeuza hilo kuwa mashtaka ya bei anaharibu bima pekee ambayo watu wa eneo hilo wamewahi kuwa nayo.

Lawama ikishawekwa mahali pake, yanayopaswa kufanywa yanajipanga yenyewe, na hakuna hata moja linalohitaji mtu yeyote kufukuzwa mjini. Mamlaka yoyote inayosimamia mji inaweza kuanza kwa kikomo cha miezi mitatu ambacho tayari ni sheria, kwa kudai mkataba wa maandishi na stakabadhi ya garanti inayosajiliwa katika ofisi ya makazi ya komune, Goma au Karisimbi, ili fedha hiyo iwe na shahidi inapofika siku ya kurudishwa. Komisioneri anaweza kusajiliwa na kulipwa na yule aliyemwajiri, asilipwe na pande zote mbili kwa chumba kimoja. Mashirika ya misaada ambayo hulipia kodi familia zisizo na makazi, au hupanga nyumba zao yenyewe, yana nguvu ya mnunuzi mkubwa: yakikataa kulipa garanti inayozidi kikomo cha sheria, yatafanya kwa mwezi mmoja kile ambacho mpangaji mmoja mmoja hawezi kukifanya kwa miaka. Na upande wa ujenzi, viwanja vilivyopimwa mara moja na kutolewa kwa hati moja, inayotambuliwa na chifu na ofisi ya ardhi kwa pamoja, vingefanya zaidi kwa kodi ya chumba cha mbao kuliko hotuba yoyote dhidi ya wageni. Viwanja hivyo vinahitajika magharibi mwa Goma, lakini vinahitajika vilevile Sake, Masisi-Centre na Walikale-Centre, ambako mwalimu, muuguzi na mchuuzi wangebaki kama wangepata mahali pa kupanga na barabara inayopitika.

Atakayeendelea kushikilia kwamba mkimbizi ndiye chanzo anadaiwa majibu ya maswali matatu: kwa nini kodi ilipaa kwanza mahali ambapo mkimbizi hakanyagi; kwa nini kambi zilipovunjwa hakikubaki wazi chumba hata kimoja cha kupangisha; na kwa nini chumba kisicho na mtu na familia isiyo na chumba vinakaa mtaa mmoja, vikitenganishwa na malipo ya miezi sita. Mpaka majibu hayo yatolewe, mwenye nyumba anayepandisha kodi kwa kisingizio cha Masisi anapaswa kuulizwa kwanza aonyeshe mkataba wake, stakabadhi ya garanti aliyoipokea, na hati ya kiwanja alichojengea.